Kitambaa Kilichobaki Ndani ya Mshono

3 Februari

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na masufuria yako yote. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, jino lake limeacha kumsumbua, sasa anatusumbua yeye.

Gauni la bluu lilifika na basi la asubuhi. Nimelipunguza kiunoni kama ulivyoagiza, vidole viwili kila upande. Hii ni mara ya pili, Mama Mdogo. Bi Mkasi, mwenye chumba chetu cha ushonaji, aliniambia nikate kitambaa kinachozidi ili mshono ulale vizuri. Alipogeuka kumpima mteja, sikukata. Nimekikunja ndani nikakishika kwa uzi. Hili ndilo gauni la kwanza nililoshona peke yangu tangu nimalize shule, na mkono ulikataa.

Unakula lakini?

Mwanao,
Kimya

9 Februari

Kimya wangu,

Marahaba, mwanangu. Mimi buheri wa afya. Kiwanda kimeongeza zamu, kwa hiyo kantini haina kupumua: namenya, nakoroga, napakua. Wafanyakazi wameniita Mama Nyongeza, maana haondoki mtu kwangu bila nyongeza.

Ati nakula? Umesikia wapi mpishi kalala njaa? Naonja huku, naonja kule, saa ya kula ikifika nimeshashiba harufu. Halafu wenzangu wanasema nimerudi usichana. Karani wa stoo alinipita mlangoni asinijue! Nilifurahi siku nzima.

Ila umeniachia uvimbe kiunoni. Kikate hicho kitambaa. Nalirudisha gauni, upunguze kidole kimoja tena.

Mama yako mdogo

14 Februari

Mama Mdogo,

Shikamoo. Salamu za nyumbani ni njema.

Barua hii nimeiandika na kuichana mara nyingi. Unanijua: darasani nilikuwa hata nikijua jibu naangalia dirisha. Leo siangalii dirisha.

Gauni sitalipunguza.

Ulipokuja mwisho wa mwaka ulitupikia, ukatupakulia, ukakaa na sahani yako. Ukaikatakata nyama, ukaisukuma chini ya wali, huku unatuhadithia yule mwenzako aliyetia sukari kwenye maharage. Tulicheka mpaka machozi. Kabla hatujafuta macho ulikuwa umeshakusanya vyombo. Mimi ndiye niliyeviosha. Niliiona sahani. Siku iliyofuata ulikula, ukala sana, kisha nikasikia bomba la chooni limefunguliwa muda mrefu, na nyuma ya maji nikakusikia unatapika. Ulipotoka macho mekundu ulisema ni vitunguu. Vitunguu vilikuwa vimeshaiva zamani.

Watu wanakusifu kwa sababu wanaona gauni. Mimi naona mshono.

Nilimuuliza nesi wa zahanati ya hapa, jina lako sikulitaja. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alisema huu ni ugonjwa, si maringo wala ujinga, unawapata hata wanawake wenye umri wako na kazi zao, na unatibika. Asingoje mpaka aanguke, alisema. Kiwandani kwenu kuna zahanati. Ukiogopa kuingia peke yako, nitakuja tuingie wote.

Gauni ninalo. Kitambaa kimo ndani.

Mwanao,
Kimya

20 Februari

Kimya,

Sijambo.

Kumbe siku hizi yai linamfundisha kuku. Mgongo huu uliokubeba, leo mwenyewe unanichungulia chooni? Nilikuagiza kushona, sikukuagiza kunipima akili. Lirudishe gauni, mafundi wamejaa huku, na hawana maswali.

Na mama yako asijue.

Mama yako mdogo

25 Februari

Mama Mdogo,

Shikamoo. Maneno yako nimeyapokea, nimeyakunja kama nguo iliyopigwa pasi, nimeyaweka. Sikukasirika. Nililia kidogo, Bi Mkasi akadhani nimejichoma sindano.

Gauni sirudishi. Kwa mama bado sijasema, lakini siahidi. Nikikosa jibu lako nitamwambia, halafu nitapanda basi. Katika ukoo huu anayeruhusiwa kuitwa Kimya ni mmoja tu.

Mwanao

17 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo. Hukujibu.

Nimemwambia mama. Alikuwa anachambua mchele, aliweka ungo chini akasema, “Kumbe ameanza tena.” Tena, Mama Mdogo! Akanieleza kwamba mlipokuwa wasichana shangazi yenu alikuita Shimo mbele ya wageni, kwamba unameza hujai, na tangu siku ile ulikuwa unakula ukiwa umesimama, mgongo kwa watu. Alidhani ndoa ilikuponya, na ulipoachika akaogopa kuuliza. Mama, aliyewahi kugombana na msumari, aliogopa kuuliza.

Mimi pia naogopa. Jumamosi nitakuwa mlangoni kwako. Gauni nitakuja nalo.

Mwanao,
Kimya

11 Mei

Kimya wangu,

Hujambo, mwanangu? Mama yako hajambo? Mwambie barua zake napata, na aache kuniandikia kama anayemwandikia maiti.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Mshindo wako ulinikuta na mwiko mkononi. Tangu siku ile uliyonishika mkono mlangoni kwa nesi sijaacha kwenda. Kuna pia mshauri, mama mmoja mpole asiyekubali mzaha. Nikileta hadithi ya sukari na maharage anangoja niimalize, kisha anauliza lile lile swali: leo umekula?

Ninatakiwa kula saa ya kula, nimekaa, pamoja na mtu, na nisiinuke nikimaliza. Nimemwambia karani wa stoo. Anakaa nami mezani, anapiga domo kuhusu mashuka na sabuni mpaka saa ipite. Juzi nilishindwa, nikaenda chooni. Nakwambia kwa kuwa siku ile uliniomba nisikufiche. Jana nilikaa. Leo nimekaa.

Gauni limeanza kunibana. Nilipolivaa Jumapili nilitaka kulitupa. Badala yake nimelifunga, nimelipeleka kwenye basi kabla sijabadili nia. Achia mshono kidole kimoja.

Mama yako mdogo

18 Mei

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo! Sisi wazima, na barua yako mama ameisoma jikoni kwa sauti, pale pa maiti akaparuka.

Nimeachia. Bi Mkasi alipoona kitambaa nilichoambiwa nikate alinitazama, akatazama gauni, akasema, “Mkaidi wewe,” akanipa uzi wake mzuri.

Kuna jambo moja. Kitambaa kilichokuwa ndani hakijaona jua, kimebaki bluu iliyokolea kuliko pengine. Na matundu ya sindano ya zamani yanaonekana, mstari mzima kila upande. Mtu akikaa karibu ataona. Naweza kushonea utepe juu yake, ukafunika kabisa. Nifunike?

Mwanao,
Kimya

23 Mei

Kimya wangu,

Mimi sijambo kidogo, nanyi mzidi kuwa wazima.

Usifunike.

Lilete mwenyewe Jumamosi, saa ya chakula cha mchana. Nitapakua sahani mbili, tutakaa. Yangu usiichungulie. Nitazame mimi, na safari hii hadithi uhadithie wewe.

Mama yako mdogo