Chukueni Miti Yenu

Muscat, Ijumaa, baada ya chakula

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti bado yanakusumbua, au yale mafuta yamekufaa? Mimi sijambo, ila viganja vimebabuka kwa sabuni. Hapa hotelini mashuka ya kufua hayaishi. Barua hii anakuletea mwenzangu wa Changamwe anayerudi likizo. Simu sikuitaka makusudi. Nataka haya yasomwe mbele ya majirani, na Ami akiwa amekaa hapo hapo.

Uliponiambia Ami amekuja chumbani kwako Mishomoroni na halua na tende, nilicheka mpaka msimamizi akaniuliza nina nini. Ami huyu huyu, ndugu yake Baba! Baba alipokufa, matanga hayajaanuliwa, wewe umo ndani ya eda, akakutolea masufuria nje ya geti. Akasimama mbele ya Mtongwe nzima: "Hati ina jina langu. Nyinyi mna miti tu. Chukueni miti yenu mwende nayo!" Na watu wakacheka. Nilikuwepo, Mama. Kile kicheko ninacho kifuani mpaka leo.

Sasa wamekuja hao watu wa wanyama, wanaowalipa wenye mashamba waache msitu urudi, mbega wapate pa kukaa. Ami akawatandazia hati yake. Wakamwuliza, na hii mikwaju na mikorosho mikubwa ni ya nani? Akataka kusema yake. Majirani wakamkumbusha maneno yake mwenyewe, kwamba ardhi yake, miti yetu. Kajipalia makaa! Bila miti mbega hawaji, na bila dole gumba lako hapati kitu.

Unaniuliza utie dole? Nikwambie kweli, la kwanza nililowaza ni msumeno. Nilimpigia fundi wa kukata miti kule Likoni, tukapatana. Si alisema tuichukue? Basi tuichukue yote, abaki na hati yake juani. Wallahi siku ile nilipiga pasi nikiimba. Kisha nikaukumbuka ule mkwaju ulioupanda mwaka niliozaliwa, ambao Baba amelala chini yake. Nikakukumbuka na wewe, unavyomsomea Fatiha umesimama barabarani, nje ya seng'enge, kama mpita njia. Nikampigia fundi tena, nikamwambia asiende.

Usidhani nimemsamehe. Hata kidogo! Utatia dole kwa sharti langu, na liandikwe kwenye mkataba wao: mwenye miti ataingia kuikagua kila Ijumaa.

Ami, shikamoo. Najua unasikia. Halua yako Mama hakuila, kampa jirani. Geti utalifungua wewe mwenyewe, si mkeo, si mtu wako. Utasema "Karibu shemeji," na useme kwa sauti, kama ulivyosema siku ile. Na wale mbega uliokuwa ukiwapiga mawe kwa ajili ya mapapai yako, sasa utakaa barazani uwatazame wakiyala. Ukiokota jiwe tu, mkataba umevunjika. Nakuombea umri mrefu, Ami, uwaone wakizaana.

Mama, nisalimie kaka na mkewe, nawabusu watoto wao. Shangazi mpe salamu za peke yake. Ni dada yake Ami, lakini siku ile ndiye aliyejitwika masufuria yako kichwani. Barua hii aisome yeye. Ana sauti, na akifika penye jina la Ami asipunguze.

Na Ijumaa ya kwanza usiende mikono mitupu. Nenda na masufuria yale yale. Ukishamsomea Baba, panga mafiga chini ya mkwaju wako, upike pilau, ule mpaka ushibe. Ami akikuuliza unafanya nini shambani kwake, mwambie umekuja kuchukua miti yako.

Ni mimi mwanao, nisiyesahau,
Mwanahamisi