Mtoto wa Kitabuni Halii

Jumatano. Joto limekaa juu ya bati tangu asubuhi kama mgeni asiyejua kuaga, na ule upepo wa bahari wa Shangani leo umegoma kufika huku kwetu Chikongola. Neema anaota meno. Mimi nimemaliza kile kitabu.

Nimekasirika.

Ni ile riwaya inayosifiwa na kila mtu. Kwenye kikundi chetu cha akina mama wasomaji nakala ni moja, inazunguka nyumba kwa nyumba, na atakayeisoma mwisho ndiye anayefungua mazungumzo. Safari hii ni mimi, Jumamosi, nyumbani kwa Dada Upendo. Waliotangulia wote wameshaandika kwenye WhatsApp. "Nimelia jamani." "Huyu anatujua sisi wanawake." Dada Upendo, mwalimu wa sekondari, ndiye mkubwa wetu, akafunga kazi: "Asiyeguswa na hiki, moyo wake jiwe."

Basi mimi jiwe.

Nimekisoma huku nanyonyesha, mkono mmoja mtoto, mkono mmoja kitabu. Nilipofika katikati sijaguswa, nikajua kosa ni langu. Nikasema ndiyo hivyo, uzazi umenimaliza kichwa. Mimi nimeishia kidato cha nne, wenzangu walimu na wauguzi. Pengine kuna kitu wao wanakiona, mimi nakipita na usingizi wangu. Hilo liliniuma kuliko kitabu chenyewe. Kikundi hiki ndicho kitu pekee kilichobaki changu, kisichonyonya wala kufuliwa.

Leo mchana, karibu na mwisho, mama wa kitabuni akajifungua. Ukurasa unaofuata yuko ufukweni peke yake, anatafakari maisha. Kurasa na kurasa! Maziwa hayamvuji. Kiuno hakimuumi. Hakuna aliyemkanda kwa maji ya moto, hakuna uji wa pilipili manga. Mtoto "amelala kama malaika", imetoka hiyo.

Nikamsomea mama mkwe. Alikuja kutoka Newala kunikanda nilipojifungua na bado hajaondoka, Mungu ambariki. Alikuwa anachambua kisamvu, akaacha.

"Mtoto kamwacha na nani?"

"Hawajasema, mama."

Nikaendelea kusoma. Akanikatiza.

"Bado kalala tu?"

"Bado."

"We mama Neema, mtoto huyo anaumwa! Wampeleke hospitali, hayo mawazo watayawaza njiani."

Nilicheka mpaka Neema akashtuka, akaanza kulia.

"Haya, huyu wetu mzima," akasema, akarudi kwenye kisamvu chake.

Na mimi ni mzima. Kichwa changu hakijaenda popote.

Nilikuwa natafuta kitu humo kitabuni, kumbe. Nilitaka mtu mmoja aandike kuhusu yale maji ya moto, ulivyopiga kelele ukimwita mama yako na anayekukanda ni mama wa mwenzio. Aandike kwamba unaweza kumpenda kiumbe hadi kifua kikuume, na dakika ileile ukatamani akuachie mkono wako tu, unywe chai ikiwa ya moto. Sijawahi kumwambia mtu hayo. Nilidhani kitabu kinachotujua sisi wanawake kitanisemea.

Jioni hii nimeandika kwenye kundi, "Kizuri sana." Nikafuta kabla sijatuma. Nikaandika tena: "Mimi hakijanigusa. Jumamosi nitasema kwa nini." Nikatuma.

Nikaendelea kunyonyesha, jicho kwenye simu.

Kisha Dada Upendo akaleta alama ya kuuliza. Moja. Nawapenda hawa wanawake, na sijui Jumamosi watanitazama vipi.

Lakini sifuti. Neema nitakwenda naye, mgongoni, na meno yake. Akilia katikati ya mazungumzo nitawaambia watulie wamsikilize, maana hicho ndicho kipande kilichokosekana kitabuni.