Orodha Niliyomtumia Mheshimiwa

Jumatatu, 3 Machi
Migori. Nimeshinda nikiingiza majibu ya dodoso kwenye kompyuta. Vituo vya afya kumi na vinne, vya huku na vya Homa Bay. Kila kituo na namba yake, majina hayatajwi. Ndiyo kanuni ya shirika letu: hatuna chama, hatuaibishi mtu, tunachotaka ni sera ibadilike. Namba saba ni kituo cha Okoth. Namchukia. Kila nikiandika saba natamani kuandika jina lake.

Alhamisi, 6 Machi
Swali: ufunguo wa ambulensi hukaa wapi? Jibu la namba saba: kwa mkuu wa kituo. Yaani hata haoni haya!

Miaka miwili iliyopita dada yangu Mercy alijifungua pale, akavuja damu. Ambulensi ipo uani. Ufunguo mfukoni mwa Okoth, na Okoth yuko matangani. Tulimbeba Mercy kwa pikipiki hadi kituo jirani, kwa Sista Rose, muuguzi pekee wa pale. Rose alihangaika naye mpaka mwisho. Kisha akamwosha mwenyewe. Okoth alituma pole kwa simu.

Daktari Moraa, mkurugenzi wetu, anataka ripoti ipendekeze ufunguo ukae na muuguzi wa zamu. Vizuri. Mimi nataka Okoth alie.

Ijumaa, 14 Machi
Mwanasiasa mmoja kaja ofisini. Anataka majina ya vituo vibovu apigie kampeni.
“Chai karibu, mheshimiwa,” Daktari Moraa akamwambia. “Majina hapana.”
Akanywa chai. Akitoka aliniachia namba yake.

Jumatano, 19 Machi
Ripoti imechapishwa. Nimepiga picha ile orodha ninayofanyia kazi, namba na majina, nikamtumia mheshimiwa. Sikuongeza neno. Asome ripoti, aone kituo kibaya kuliko vyote, kisha atafute jina. Mchana nimekula ugali na omena, nikaongeza sahani. Sijala hivyo tangu Mercy azikwe.

Jumamosi, 22 Machi
Sabato. Nimeimba na kwaya. Nimeomba Okoth afukuzwe watoto wake wakitazama. Sijatubu.

Jumanne, 25 Machi
Saa nne, redio ya ofisini. Mheshimiwa ananguruma: kuna kituo kinaficha ufunguo wa ambulensi, mama zetu wanakufa! Namba kumi na moja! Halafu akataja jina. Rose.

Nikafungua ripoti. Kweli, habari ya ufunguo iko kumi na moja. Kwenye orodha yangu kumi na moja ni Rose.

Siku ya mwisho kabla ya kuchapa, Daktari Moraa hubadilisha namba zote, peke yake, ili orodha ikivuja isimfae mtu. Nina miaka minne hapa. Najua hilo. Nilikuwa namwona Okoth tu.

Ijumaa, 28 Machi
Rose kasimamishwa kazi. Amenipigia. Ananiita nyathina, mtoto wangu, kama mama alivyoniita.
“Nyathina, wewe uko kwa hiyo utafiti. Si uwaambie si mimi? Mimi hata ambulensi sina.”
Nikasema nitaangalia. Mwoga mkubwa mimi.

Jumatatu, 31 Machi
Nimemweleza Daktari Moraa yote. Hakupaza sauti. Kaandika barua ya kumsafisha Rose, kisha akaniambia niache kitambulisho mezani.

Wakubwa wa Rose wanasema watachunguza. Hawakusema lini.

Jumatano, 2 Aprili
Kisegi, nyumbani kwa Rose. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Yeye ameketi mlangoni, anapukuchua maharagwe. Hakunitukana. Ningependa anitukane.

Akauliza nani yuko kituoni kwake sasa. Nikamwambia hakuna, pamefungwa. Wajawazito wanapelekwa kwa Okoth.
“Na ufunguo?”
“Bado anao.”
Akanisogezea ungo, nikaketi, tukaendelea na maharagwe mpaka yakaisha.