Bisibisi ya Baraka

Jumatatu, 3 Machi
Leo tena mbele ya meza ya Mama Esther, soko la Nyakasanza. Vifaa vya fundi vya watoto: seti ya plastiki, ya mbao, na ya bati ambayo hata mimi naogopa kuishika. Baraka ana miaka miwili na anagonga kila anachokiona. Juzi alinyakua nyundo ya baba yake, nusura avunje kidole. Lazima apate ya kwake.

Ya plastiki ina skrubu ndogo. Zinaingia mdomoni mwa mtoto bila kubisha hodi. Nimeirudisha. Ya mbao ina nyundo, msumeno usio na meno, na bisibisi yenye sumaku kwenye ncha.

"Hii njo ya muzuri, Mama Baraka. Hata mutoto yangu iko nayo," akasema Mama Esther. Yeye ni wa Butembo, na watu wa huko wanajua kuuza, lakini mimi najua kununua. Nimenusa rangi. Nimevuta kila kipande. Nimechukua ya mbao.

Jumanne, 4 Machi
Baba Baraka yuko nyumbani. Kesho alfajiri anarudi Nizi kuchimba dhahabu. Ameanza kazi hiyo juzi juzi tu, tangu pikipiki yake iibiwe. Siipendi Nizi. Kila akipanda gari naona shimo likimfunika, au watu wenye bunduki. Simwambii, atanicheka.

Amecheza na mwanawe chini, kwenye mkeka. Ameigeuzageuza ile bisibisi muda mrefu. Nimefurahi: walau amesifu nilichochagua.

Jumatano, 5 Machi
Sumaku haipo.

Nilikuwa kwenye cherehani, nguo ya kwaya, kola. Baraka akaniletea bisibisi nifungue kizibo cha chupa. Ncha ina tundu tupu. Nimeingiza kidole mdomoni mwake mpaka akatapika. Uji tu. Nimeinua mkeka, nimekung'uta godoro, nimefagia chini ya kitanda. Hakuna kitu. Nimevuta kila kipande sokoni, ila ile sumaku sikuivuta. Mjinga mimi.

Baba yake ameshaondoka. Simu yake haipatikani.

Alhamisi, 6 Machi
Kituo cha afya cha mtaani. Muuguzi ni mtu mpole, ameminya tumbo la Baraka polepole. Baraka akacheka.

"Mama, sumaku moja tu, itatoka na choo. Shida ni kama amemeza na chuma ingine. Zitavutana mu matumbo, zitatoboa. Mu nyumba munafanyaka kazi gani?"

"Mi nashona."

Akatazama pini iliyochomekwa kwenye nguo yangu. Nikaelewa mwenyewe. Pini. Kila siku zinaniponyoka, kila siku nasema nitaziokota baadaye. Mtoto wangu anacheza juu ya pini na mimi naimba kwenye cherehani.

Lazima apigwe picha ya tumbo. Hospitali kubwa, umeme hakuna. Turudi kesho. Kesho! Nimemkalia macho. Akikunja uso, moyo unaruka. Akitulia, unaruka zaidi. Nimechokonoa choo chake kwa kijiti. Hakuna.

Ijumaa, 7 Machi
Foleni ndefu, Baraka mgongoni. Ndipo simu ikalia. Baba Baraka, yuko juu ya kilima anatafuta mtandao. Nikamwambia mtoto amemeza sumaku, tuko hospitali.

"Mama Baraka, usilie. Ni miye niliibeba. Huku tunatumiaka sumaku kwa kuondosha muchanga mweusi mu zahabu. Ya kwangu ilipotea. Nilisahau kukwambia."

Kumbe mchanga unaobaki na dhahabu una chuma ndani. Unapitisha sumaku juu, weusi unanata, dhahabu inabaki. Wachimbaji wote wanajua. Mimi ni mke wa mchimbaji wa juzi, ningejuaje?

Sikushukuru Mungu. Nilifoka. Mbele ya watu wote nilimwita mwizi anayemwibia mtoto wake mwenyewe. Nikamwambia bora abaki huko huko Nizi, shimo limle. Nilisema hivyo. Kisha mtandao ukakatika.

Sikutoka kwenye foleni. Picha tumepiga. Tumbo safi, hakuna sumaku, hakuna pini.

Jumamosi, 8 Machi
Ningelala usingizi wa pono leo. Lakini Mama Esther amepita asubuhi: abiria wanasema risasi zimelia upande wa Bambu, jirani na Nizi, watu wa Nizi wanakimbia. Magari hayapandi.

Haipatikani. Haipatikani. Haipatikani.

Tumbo la mtoto lina mashine ya kulipiga picha. Nizi haina. Shimo limle. Nani aliniwekea maneno hayo mdomoni?

Jumapili, 9 Machi
Ibada nimekaa nyuma. Wengine wameomba amani, mimi nimeomba maneno yangu yasisikike. Wamefika watu na magodoro kichwani, wamekaa uwanja wa kanisa. Nimepita nikiangalia uso mmoja mmoja. Hakuna aliyemwona. Mwanamke mmoja akaniuliza kama nimemwona wa kwake.

Baraka amegonga mlango kwa nyundo jioni nzima. Kila mara nimekimbia kufungua, ingawa namwona ndiye anayegonga.

Jumatatu, 10 Machi
Amerudi saa sita mchana. Kwa miguu, amezunguka porini, viatu vimebaki njiani. Miguu imevimba.

Nilikuwa nimepanga cha kusema. Hakikutoka. Nimempa maji ya kunawa, bugali na sombe ya jana, majani ya muhogo. Amekula bila kuinua kichwa. Kuhusu simu hajasema neno, nami sijauliza alisikia mpaka wapi. Kisha Baraka akaja kumgonga goti na nyundo ya mbao, na yeye akajifanya ameumia, wakacheka wote wawili.

Nikaenda kwenye cherehani. Nikakanyaga bila kitambaa, sindano ikipanda na kushuka bure, ili wasinisikie nikilia.