Baba, Sikuiba

Chuoni, Marekani
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu,

Shikamoo. Naongeza shikamoo ya pili, maana najua ya kwanza utaipokea kwa hasira. Je, u mzima? Ule mguu unaokusumbua wakati wa masika umepoa? Mama, Mayu wetu, hajambo? Pamba imechanua? Mimi ni mzima, ila barua yako iliniondolea hamu ya kula siku mbili.

Baba, mimi si mwizi. Uliandika: "Mimi naamua kesi za wezi wa ng'ombe barazani, na leo gulioni Kishapu watu wananicheka, eti mwanangu anaiba huko ugenini na kupigiwa makofi. Ukiiba tena, usirudi kwangu." Lo! Kosa ni langu mwenyewe. Katika mchezo wao huu wa besiboli, mtu hupiga mpira kwa rungu, kisha hukimbia kutoka kituo hadi kituo. Vituo ni vinne, na cha mwisho hukiita nyumbani. Ukikimbilia kituo cha mbele wakati mrushaji, yule mpinzani anayeurusha mpira upigwe, amezubaa, kabla mpira haujapigwa, wao husema umeiba. Nami katika barua yangu nikatafsiri hivyo hivyo, bwege mimi! Ningeandika "nimewahi", yangeisha.

Timu ilinichukua kwa ajili ya mkono huu uliofukuza kwelea kwelea kwa mawe kwenye mtama wako. Tulianza vibaya. Baridi ilitung'ata vidole, tukafungwa mpaka wanafunzi wenzetu wakaacha kuja kututazama. Tulipozoeana tukaanza kushinda, tukashinda hadi jana tukacheza fainali ya ubingwa wa vyuo.

Barua yako niliikunja nikaitia mfuko wa nyuma wa suruali. Tulikuwa sare, zamu ya mwisho, nami nimesimama kituo cha tatu. Mrushaji wao amezubaa kweli kweli. Mwalimu wetu wa mchezo akashika kofia mara mbili, ndiyo amri ya kuiba. Baba, miguu ilikataa. Nilikusikia kabisa. Akashika kofia tena, nikageukia pembeni kama sikumwona.

"Masanja, umelala?" akafoka.

Niliogopa sana. Tukishindwa, nimewaponza wenzangu wote, na nani angenielewa? Mara mwenzangu wa chumbani, mtoto wa wakulima wa mahindi, akaupiga mpira ukapita juu ya vichwa vya watu. Nikakimbia, nikafika nyumbani, tukawa mabingwa! Walinibeba juu juu, nami nalia machozi, kwa jinsi roho yangu ilivyotua.

Baadaye nilimweleza mwalimu agizo lako, nikitarajia kufukuzwa. Alikuna kidevu, akasema, "Basi mwandikie mzee, umwombe ruhusa."

Msalimie Mayu, mwambie bado naota ugali wake wa mtama. Msalimie kaka Luhende na mkewe, na shangazi aliyenifungia karanga za safari. Na yule mwalimu anayekusomea barua, mwombe safari hii asome mpaka mwisho kabla watu hawajaanza kucheka.

Mwakani tunautetea ubingwa, na mwalimu wa mchezo atashika kofia tena. Kwa hiyo, Baba, ukiridhika, niandikie maneno mawili tu: Mwanangu, iba.

Ni mimi mwanao, ambaye hadi leo hajavunja neno lako,
Masanja