Zawadi Zimehakikishwa

Jumatatu, 2 Juni

Bango limetoka. Mia tano, mashine yetu wenyewe, wino mzito, karatasi ya kung'aa. MASHINDANO YA WAZI YA CHESI. SIKU NNE. ZAWADI MILIONI ISHIRINI — ZIMEHAKIKISHWA. Hilo neno la mwisho nimelipa herufi kubwa kuliko jina la klabu. Limependeza!

Fundi Saa, mweka hazina wetu, alipita kwenye duka letu la uchapaji kuchukua mabango yake. Akasoma juu mpaka chini, akarudia, akauliza mstari mdogo uko wapi. Ni ule ambao kila mwandaaji huuweka chini kabisa, kwamba zawadi zitategemea idadi ya watakaojiandikisha. Nikamwambia nimeuondoa, ulikuwa unabana picha ya farasi. Hakucheka. Akasema, Mwenyekiti, mstari huo ndio breki. Nikamjibu gari halijaondoka, breki za nini.

Lakini hapa hasomi mtu, acha niseme kweli. Si farasi tu. Nimechoka na mashindano ya watu arobaini ambayo mshindi anapewa chupa ya chai na makofi. Mwaka juzi bingwa wa klabu alishinda chupa ya tatu, mkewe akatuuliza kama vikombe navyo tunatoa. Nataka mara moja tu waje watu wa mbali, ukumbi ujae, niwasikie wakinyamaza.

Alhamisi, 5 Juni

Hesabu. Ada laki moja kwa mtu. Zawadi milioni ishirini. Ukumbi pamoja na vyumba vya mabingwa, tatu. Waamuzi na chai, mbili. Jumla ishirini na tano. Wakilipa watu mia mbili na hamsini tunatoka sare. Wakifika mia tatu tunanunua saa mpya za mchezo.

Nimeipenda hesabu hii, na ndiyo maana naiogopa. Ndivyo ninavyofungwa kila mara kwenye ubao: mimi nitaenda hapa, yeye ataenda pale, halafu mimi nitamla. Sijawahi kumuuliza yeye kama kweli anakusudia kwenda pale.

Chama cha taifa hakiruhusu neno "zimehakikishwa" bila mdhamini. Nimesaini mimi. Kwenye nafasi ya dhamana nimeandika: mashine ya kuchapia. Sikuandika kwamba baba alituachia wawili, mimi na mdogo wangu, nusu kwa nusu. Fomu haikuuliza. Na mdogo wangu naye hajaniuliza — yuko upande ule anakata karatasi na kujalidi vitabu vya risiti, anapiga mluzi.

Jumatano, 18 Juni

Waliojiandikisha ishirini na mmoja. Kati yao kumi na wawili ni mabingwa, na wenye majina huingia bure, ndiyo desturi, bila wao hakuna mashindano. Kwa hiyo wanaolipa ni tisa. Tisa!

Mkubwa wao, ambaye Fundi Saa anamwita tu Bingwa, ameandika kutaka chumba kisichosikia barabara. Nimempa. Jioni nikakaa na simu nikipigia klabu za miji mingine. Kila mmoja anauliza swali lilelile: nani amejiandikisha? Nikitaja majina, wanaguna. Hao watatumaliza, dada. Nilidhani zawadi kubwa itawavuta watu. Imewavuta wale wasiolipa, na imewatisha wanaolipa.

Jumapili, 29 Juni

Thelathini na nane wa kulipa. Kila mtu anamngoja mwenzake. Nataka kuwakasirikia, nashindwa, maana nimecheza chesi miaka ishirini na mitatu na sijawahi kulipa ada kabla ya asubuhi ya raundi ya kwanza. Sisi ndivyo tulivyo. Tunasubiri kuona orodha, na orodha inatusubiri sisi.

Mshona viatu wa karibu na stendi alikuja mwenyewe dukani. Laki moja, noti ndogondogo zimefungwa kwa mpira. Nilizihesabu nikaona aibu, nikamwambia safari hii wamejaa watu wakali, afikirie tena. Akasema, "Mama, mimi siji kushinda. Nakuja kukaa nao."

Nikamuuliza laki moja ya kukaa tu?

"Mpira wa miguu nalipa nikawatazame wao. Hapa nalipa wanitazame mimi."

Usiku wote nimeyafikiria maneno haya. Mashindano hayaishi kwa wanaoshinda. Washindi wanakuja kuchota. Yanaishi kwa wanaofungwa, wakafungasha, wakarudi tena mwaka ujao. Hao ndio ningewachapia bango, na kwenye bango langu hawamo.

Jumanne, 15 Julai

Mia moja na kumi na wanane wa kulipa. Keshokutwa tunaanza.

Fundi Saa kaja na dawa. Nichape ule mstari mdogo kwenye vipande vya karatasi vya kubandika, klabu ipite mjini leo leo ivibandike juu ya mabango. Watu wamefanya hivyo mahali pengi, anasema, na hakuna aliyekufa. Nimevichapa. Mia tano, vimekatwa vizuri. Mdogo wangu ndiye aliyevikata, akasoma kimoja, akasema hivi dada, hii si ilitakiwa iwemo tangu mwanzo? Nikasema ndiyo. Akaendelea kukata.

Vimelala kwenye droo. Nilifika mpaka kwenye bango la kwanza, lile la ukuta wa posta, nimeshika kipande na gundi. Palikuwa na wanafunzi wawili wanalisoma. Mmoja anamweleza mwenzake "zimehakikishwa" maana yake nini, na alieleza vizuri kuliko mimi. Nikarudi. Maji nimeyavulia nguo.

Alhamisi, 17 Julai

Foleni! Kuanzia saa moja asubuhi, mpaka nje ya geti. Wale wote waliokuwa wananigunia kwenye simu, wamo, pesa mkononi, wanalalamika kwamba foleni ni ndefu. Kwa muda wa saa moja niliamini.

Waliolipa mia moja sitini na watatu. Mabingwa kumi na tisa. Pengo: milioni nane na laki saba.

Bingwa alinifuata kabla ya raundi. Mtu mfupi, mpole, koti limechakaa viwiko. Nilitegemea maringo. Akaniuliza polepole, "Mama, zipo?" Nikasema zipo. Akanieleza kwamba mwaka huu ameshinda mahali panne, na pote panne ameambiwa watamtumia. Anaishi kwa kazi hii, ana watoto shuleni. Hakuwa ananisuta. Alitaka kujua tu kama acheze kwa moyo au acheze kwa adabu.

Halafu saa zikabonyezwa. Mbao tisini na moja, watu mia na themanini na wawili, na kimya. Nilisimama nyuma nikalia kidogo. Mwamuzi mkuu akadhani ni mafua.

Mshona viatu alipangiwa bingwa mmoja, ubao wa kumi na tano. Alidumu saa tatu. Alitoka kafungwa, anatembea kama aliyepata mtoto.

Ijumaa, 18 Julai

Nimempigia mwenye duka la uchapaji la mtaa wa pili. Mashine yote anatoa milioni tisa, taslimu. Atakuja kesho kuiangalia. Nimemwambia aje mchana, mdogo wangu akiwa amekwenda kula.

Nimeandika sentensi hiyo na bado ninaitazama. Mimi niliyembeba mgongoni.

Jumamosi, 19 Julai

Hakwenda kula.

Alimkuta mnunuzi amefungua kifuniko cha mashine anachungulia rola. Akamuuliza unatafuta nini. Yule akamwambia naangalia ninachonunua. Basi.

Alifika ukumbini saa nane, vumbi la karatasi bado kichwani. Raundi ya sita inaendelea, mlangoni pameandikwa KIMYA, na mdogo wangu ni mtu wa kutii maandishi. Tukagombana kwenye korido kwa kunong'ona. Sijui kama kuna ugomvi mbaya kuliko huo. Ukipiga kelele, angalau hasira inatoka.

"Nani alihakikisha?"

"Mimi."

"Kwa dhamana gani?"

"Mashine."

"Ya nani?"

Akaniambia nusu yangu naweza kuuza kesho asubuhi, hana neno, lakini yake haiuzwi. Nikamwambia nusu ya mashine itanunuliwa na nani, atachapa nusu ukurasa? Hakucheka, na mimi sikuwa nachekesha. Mwamuzi akachungulia, akaweka kidole mdomoni. Tukaomba radhi wote wawili, kwa pamoja, kama enzi za baba.

Nilimweleza kila kitu. Bango, fomu, hesabu, Bingwa na watoto wake. Nilitegemea atauliza kwa nini sikumwambia. Aliuliza tu pengo ni kiasi gani. Nilipotaja, akajikung'uta vumbi kichwani, akaondoka. Sikumfuata. Nilikuwa na raundi ya saba ya kupanga.

Jumapili, 20 Julai

Saa tisa na nusu alasiri. Naandika kwenye stoo ya ukumbi, kati ya viti vibovu na maboksi ya kete. Bahasha ziko mezani, nyingi hazina kitu ndani. Mchezo mmoja tu umebaki, Bingwa na kijana wa chuo kikuu, na wanakokotana. Ukiisha, natakiwa nitoke nigawe.

Fundi Saa kaja mapema na pendekezo lake la mwisho. Tulipe nusu leo, nusu tuseme iko njiani. Mwenyekiti, hawa wamezoea. Hilo neno "wamezoea" ndilo lililoniuma. Kama ndivyo mashindano makubwa yanavyojiendesha, basi hayajiendeshi. Yanaendeshwa na Bingwa na koti lake, na mashine ya mtu fulani, na mke wa mtu fulani ambaye hajaambiwa. Siku zote kuna mmoja nyuma ya pazia anayelipa, na watu wanasema mashindano yalifana. Nimemwambia hapana. Akanitazama kwa huruma, akaenda kusimama na watazamaji.

Saa tisa akaingia mdogo wangu. Mkoba mkononi. Akafunga mlango, akaweka mezani karatasi moja, imeandikwa kwa mkono wake, ule mwandiko wa kulala. Ananunua nusu yangu. Nitabaki dukani kama mfanyakazi, kazi ileile ya kupanga na kuchapa, mshahara kila mwisho wa mwezi. Chini kuna mahali pa sahihi mbili. Yake ipo.

Pesa ni za bati. Wamekaa ndani ya nyumba isiyopauliwa, yeye na mkewe na watoto, wakilala chumba kimoja chenye turubai, miaka minne. Nikauliza shemeji anajua? Akasema yeye ndiye aliyezihesabu.

Mashine nzima ni milioni tisa. Nusu yangu ni nne na nusu. Kwenye karatasi ameandika nane na laki saba. Nimeisoma mara tatu nikidhani nimekosea. Nilitaka kumwambia umezidisha. Bora angenitukana.

Nikachukua kalamu.

Hapo ndipo mlango ukagongwa. Mshona viatu. Amefungwa michezo sita, ametoka sare mmoja, na mwingine mpinzani hakutokea. Kavaa shati la kupokelea zawadi ingawa hana zawadi. Kashika noti ndogondogo, zimefungwa kwa mpira. Anasema anajua atasahau au atazila, bora azilipe leo. Za mwakani.

Nikamwambia sijui kama kutakuwa na mwakani.

"Basi niandikie risiti, mama. Kukiwa hakuna, nitakuja kuzichukua."

Na mimi nikaandika. Kitabu cha risiti kilikuwa hapo, kazi ya mkono wa mdogo wangu, na kalamu nilikuwa nayo tayari. Jina, laki moja, Mashindano ya Pili ya Wazi. Sahihi yangu. Haikuchukua nusu dakika, wala sikufikiri. Mshona viatu akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni, akatushukuru wote wawili, akatoka.

Mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye maboksi muda wote. Aliitazama karatasi yake ambayo haina sahihi yangu, halafu kitabu cha risiti. Hakukasirika. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Na mwakani, dada, utaweka dhamana mashine ya nani?"

Nimefungua daftari hili, nimemwambia nipe dakika mbili. Zimepita kumi. Amekaa juu ya kiti kibovu, mkoba magotini, ananitazama nikiandika.

Viti vinasogezwa ukumbini. Bingwa na kijana wamepeana mikono.