Baba Anang'oa Chai kwa Maneno Yako

S.L.P. 47,
Chepseon.
24 Machi 1997

Mpendwa ndugu yangu Kipkurui,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Je, u hali gani huko Nairobi, na kile kifua chako kimepona? Sisi ni wazima. Mama magoti yanamsumbua lakini bado anachuma. Ng'ombe wamekonda kwa kiangazi hiki, maziwa ni ya chai tu.

Sasa nikuandikie jambo lenyewe, maana nimechoka kulibeba peke yangu. Baba ameng'oa chai. Shamba lote la chini, mpaka kwenye kijito, limebaki mashimo. Amenunua mbegu ya mtama huko Nakuru. Mtama, ndugu yangu, hapa kwetu kwenye baridi.

Ni kwa sababu ya yale uliyosema kanisani siku ya Krismasi. Ulisema dunia inapata joto na chai haitastawi tena huku. Tulijivunia sana kukusikia. Lakini habari kwamba hayo ni ya miaka hamsini ijayo uliisema mwishoni, wakati masufuria ya nyama yalikuwa yamefunuliwa na watu wameanza kusimama. Baba alishika ile ya kwanza. Januari mvua ikakataa, Februari ikakataa, akasema basi ndiyo hiyo imefika.

Nimejaribu. Nilimwita bwana shamba aje amweleze. Baba akamuuliza swali moja tu, kama maneno yako ni ya kweli. Bwana shamba akasema ni kweli kabisa, akanywa chai, akapanda pikipiki yake. Kesho yake Baba alitoka na jembe mapema kuliko siku zote.

Nikimwambia hakukuelewa vizuri ananijibu, "Kijana yangu hawezi danganya mimi mbele ya kanisa." Nifanye nini na mtu kama huyo? Angekuwa mgeni aliyesema, watu wangemcheka na kurudi kuchuma. Sasa hata jirani yetu Mzee Kiplangat anakuja kuyatazama mashimo na kuuliza bei ya mtama.

Huko kazini kwenu mna mashine za kupima joto la dunia nzima, lakini sijaona aliyefundishwa kumweleza mzee mwenye jembe mkononi. Linaniudhi, sikufichi. Jambo zito namna hiyo linataka mtu wa kukaa na watu, aulizwe, ajibu, arudi tena wiki ijayo. Si nusu saa kabla ya nyama.

Maji yakimwagika hayazoleki. Kilichobaki ni upande wa juu, ile michai Mama aliyoipanda akiwa na mimba yako. Ndiyo inayomsomesha mdogo wetu Dorine. Mama anachuma tu, haraka kama anayefukuzwa.

Usimwandikie Baba. Barua nitaisoma mimi, naye atasema nimeongeza yangu. Njoo mwenyewe. Usimwambie amekosea, hilo hatalisikia. Mwambie alifanya vyema kukuamini, halafu umweleze polepole kwamba wewe ulikuwa unasema habari za wajukuu wake.

Dorine anakusalimu, na shangazi Priscah, na Mama. Baba pia anakusalimu sana. Alikuwa anangoja mvua ilainishe udongo ndipo aanze upande wa juu. Jana jioni ilinyesha.

Mungu akulinde njiani.

Dada yako akupendaye,
Chelangat